Seva inagoma na "Too many open files"? Pandisha limiti hivi

Kama seva yako ya Linux inapiga kazi freshi mchana kutwa alafu jioni watu wakijaa inaanza kugoma, fungua logi kwanza kabla hujamlaumu mtu wa hosting. Ukikuta Too many open files ujue RAM haina kosa, prosesi (programu ikiwa inakimbia) imefika limiti ya faili inazoruhusiwa kufungua, na soketi (muunganisho wa mtandao) nayo inahesabiwa faili, yaani kila mteja anayeingia anakula moja. Limiti ya kawaida ni 1024, kwa hiyo inaisha haraka kuliko unavyodhani.

Usiguse kitu bado. Tuseme programu yako inaitwa duka na inawashwa na systemd (msimamizi wa sevisi kwenye Linux), tafuta namba ya prosesi yake:

systemctl show -p MainPID duka

Ikikupa 2417, angalia:

cat /proc/2417/limits
sudo ls /proc/2417/fd | wc -l

Ya kwanza inaonyesha limiti, mstari wa Max open files una namba mbili, soft ndo inayokubana sasa hivi na hard ndo dari, mtumiaji wa kawaida anajipandishia soft mpaka darini lakini kuinua dari lenyewe ni kazi ya root. Ya pili inakuambia imefungua ngapi.

Wateja wanalia na huwezi kurestati? Ipandishie ikiwa hewani:

sudo prlimit --pid 2417 --nofile=8192:16384

Inashika hapohapo ila ukirestati imepotea.

Sasa hapa ndo nilipokesha mimi. Nilihariri /etc/security/limits.conf, nikarestati programu, 1024 ileile, nikahariri tena nikidhani nimekosea spelling, wapi. Kumbe faili lile linasomwa mtu anapologin, na sevisi ya systemd hailogin popote, kwa hiyo hata ujaze kurasa tatu haina habari na wewe. Dawa yake ni sudo systemctl edit duka, alafu andika:

[Service]
LimitNOFILE=65535

Sevu, sudo systemctl restart duka, rudi kwenye /proc uhakikishe, na kumbuka namba ya prosesi imeshabadilika.

limits.conf itumie kwa watu wanaoingia kwa SSH, na ile nyota (*) ya kumaanisha watumiaji wote haimgusi root, yeye muandike kwa jina. Usije ukaweka unlimited kwenye nofile (ndo jina la limiti ya faili), kernel ina mwisho wake, kwa kawaida 1048576, ukizidisha unaweza kushindwa kulogin kabisa, so acha terminali ya pili wazi wakati unajaribu.

Kosa likiwa Resource temporarily unavailable wakati programu inataka kuzalisha prosesi, mara nyingi hiyo ni nproc, limiti ya idadi ya prosesi, na nproc inajumlisha kwa mtumiaji mzima pamoja na thredi zote, programu mbili chini ya jina moja zinakula sahani moja. Kwenye systemd ni LimitNPROC.

Na kama saa nane usiku hakuna mteja lakini hesabu ya fd (faili zilizofunguliwa) inazidi kupanda, limiti haina shida. Piga sudo ls -l /proc/2417/fd (weka namba ya sasa) uone imeshika nini, yangu ilikuwa imeshika faili moja la logi zaidi ya mara mia sita, kila oda inalifungua na hakuna aliyelifunga.