Karanga zako zisishike sumukuvu, pambana na maji

Wa Masasi na Nanyumbu mnaong'oa karanga msimu huu, kuna kitu wengi tunakichanganya, kuvu na sumu sio kitu kimoja, sumukuvu ni ile sumu inayotengenezwa na kuvu. Ile kuvu ya kijani-njano, Aspergillus flavus, imo kwenye udongo wa shamba lako hata sasa hivi na hutoimaliza. Inaota kuanzia joto la digrii 12 hivi mpaka 40 na ushee, ila sumu inaitengeneza kwa wingi kati ya 25 na 35, yani humohumo kwenye joto letu la kila siku, sasa joto la kusini utalifanyaje? Umebaki na maji tu, hayo ndo unaweza kuinyima.

Anzia shambani, ambako hata ukame ni hatari. Mvua ikikatika karanga ndo zinajaza, kuvu inaingia zikiwa bado ardhini, na mchwa akitoboa ganda ndo kabisa, kwa hiyo zikikomaa ng'oa usingoje (mbegu ya muda mfupi kama Pendo ya kituo cha utafiti cha Naliendele inasaidia hapa). Mashina yageuze maganda yaangalie juu, yapigwe jua siku mbili tatu, halafu chuma umalizie kuanika kwenye turubai au kichanja, jioni funika maana umande nao ni maji.

Za kubangua zifike unyevu wa asilimia 7. Huna mashine ya kupima unyevu? Tikisa ganda usikie punje zinacheza, kisha sugua punje, ngozi itoke yenyewe.

Sasa tatizo kubwa: kulowesha maganda ili yawe laini kubangua. Bibi yangu alikuwa anafanya na mimi nilikuwa nashika kopo la maji, vidole vinauma jamani nani asielewe, lakini hapo umeanika wiki nzima halafu unairudishia kuvu maji kwa mkono wako na unafunga kwenye kiroba! Bangua kavu, au uza na maganda yake.

Viroba weka juu ya chaga, mbali na ukuta. Zilizosinyaa, zilizovunjika na zenye ukungu toa, na hizo ndo huwa tunazitwanga za kutia kwenye kisamvu, acheni. Moto wa jikoni hauiondoi hiyo sumu, inataka zaidi ya digrii 230 na sufuria la kisamvu linachemka kwa 100. Kuku nao msiwape, zifukieni.