Chungulia pipa lako la maji

Tumezoea kwamba mbu wa malaria ni wa madimbwi na mashamba ya mpunga, na mjini tukiona viluwiluwi kwenye pipa tunasema, "Aah, hao wa kawaida tu." Siku hizi usiwe na uhakika huo. Kuna mbu wa malaria aitwaye Anopheles stephensi, asili yake Asia Kusini. Mwaka 2012 aligunduliwa Djibouti, baadaye Ethiopia, na mwishoni mwa 2022 watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, wakamkuta Marsabit, Kenya. Huyu anapenda maji ya kuhifadhi: mapipa, matangi, hata shimo la maji la mafundi ujenzi. Kwa hiyo hangoji masika. Djibouti ilikuwa na wagonjwa 27 wa malaria mwaka 2012. Mwaka 2020 walizidi 73,000.

Basi chukua tochi, funua pipa taratibu bila kutikisa maji. Viluwiluwi wa mbu wa dengi hujining'iniza kichwa chini, mkia juu. Wa Anopheles hulala bapa juu ya maji, kama kijiti kinachoelea. Ukiwaona hao, mwaga maji mchangani, sugua pipa, kisha ujaze upya.

Usipowaona, funika vilevile. Mfuniko ukiwa na ufa (na mingi inao), tandaza kipande cha chandarua kikuukuu, ukikaze kwa mpira wa baiskeli. Ndoo na makopo yasiyofunikika yamwage kila wiki, kabla viluwiluwi hawajaota mabawa.