Waridi la jangwani katika bustani ya Dodoma: udongo, maji na majira

Maua mengi yanayouzwa kwenye vitalu vya mjini asili yake ni sehemu zenye mvua za kutosha, na yakifika Dodoma hudai ndoo za maji mwaka mzima. Waridi la jangwani, ambalo wataalamu wa mimea huliita Adenium obesum, ni tofauti. Hili ni ua la porini la nyika kavu za Afrika, Tanzania ikiwemo. Huhifadhi maji katika kitako chake kilichovimba, hupukutisha majani ukame ukizidi, na linaweza kuchanua likiwa halina jani hata moja.

Dodoma hupata kama mm 500 hadi 600 za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, kisha ukavu wa miezi saba. Ratiba hiyo ndiyo mmea huu umezoea tangu asili. Mimea mingi inayokufa majumbani hufa kwa sababu mtu anaimwagilia Julai kama anavyoimwagilia Januari.

Pa kupata mmea

Usiung'oe porini. Ndani ya hifadhi ni kosa la kisheria, na hata nje ya hifadhi mmea mkubwa ukichimbwa hukatika mizizi, vidonda huingia vimelea vya ukungu, na kitako huoza miezi michache baadaye. Isitoshe, mmea wa porini hukua polepole sana, kwa hiyo pengo linaloachwa halizibwi upesi.

Njia bora ni mbegu, kwa kuwa mche wa mbegu ndio unaotengeneza kitako kinene chenye umbo zuri. Kipandikizi cha tawi hushika na huchanua mapema, ila shina lake la chini kwa kawaida hubaki jembamba kwa muda mrefu. Miche ya rangi kali au yenye petali nyingi unayoiona kitaluni mara nyingi imebebeshwa juu ya shina la mmea wa kawaida. Ukinunua wa aina hiyo, tazama kovu la kubebesha: liwe limeziba, halilegei ukiligusa. Chipukizi lolote linalotoka chini ya kovu likate, maana hilo ni la shina mama na litaimeza ile aina uliyoilipia.

Mchanganyiko wa udongo

Hapa ndipo kazi yote ilipo. Udongo wa mbuga, ule mweusi unaopasuka kiangazi na kunata wakati wa mvua, usiutumie kabisa. Udongo mwekundu wa kichanga wa sehemu nyingi za mjini unafaa, lakini peke yake kwenye chungu hushikana na kuwa mgumu. Changanya hivi, kwa kipimo cha kopo lolote:

- makopo 2 ya mchanga mkubwa wa korongoni, uliochekechwa kuondoa vumbi na kuoshwa
- kopo 1 la udongo mwekundu wa kichanga
- kopo 1 la pumba za mpunga zilizochomwa zikawa nyeusi bila kugeuka majivu, au vipande vya mkaa vya mm 5 hadi 10
- nusu kopo la samadi ya mbuzi iliyooza kabisa

Pumba zinapatikana kwa urahisi kwenye mashine za kukoboa, hasa upande wa Bahi kunakolimwa mpunga. Samadi ichukue ile ya chini kabisa ya zizi, iliyokaa zaidi ya miezi sita. Ukiishika iwe nyepesi, inavunjika kama unga na haina harufu. Samadi mbichi huunguza mizizi na kuleta funza.

Kabla ya kupanda, jaza chungu mchanganyiko mkavu, uloweshe vizuri, kisha mimina lita moja ya maji. Maji yanapaswa kuzama ndani ya sekunde kumi na kuanza kutoka chini mara moja. Yakituama juu, ongeza kopo la mchanga na ujaribu tena. Usiweke mchanga laini wa kupigia lipu: huziba nafasi za hewa na kuharibu kazi yote.

Chungu cha udongo wa kuchoma ndicho kizuri kuliko vyote, kwa kuwa hupumua na hukauka upesi. Ndoo ya rangi ya lita 10 inafaa pia, mradi uitoboe matundu manne au matano yenye upana wa kidole. Chungu kiwe kipana kuliko kitako kwa sm 4 au 5 tu kila upande. Chungu kikubwa mno hubaki na unyevu ambao mizizi haiufikii. Kisahani cha kukingia maji chini yake ondoa, au inua chungu juu ya vipande vya matofali.

Kusia mbegu

Sia kati ya mwisho wa Agosti na Oktoba, joto linapopanda, ili miche iwe na miezi mingi ya kukua kabla ya kipupwe cha mwaka unaofuata. Loweka mbegu katika maji ya vuguvugu kwa saa tatu au nne. Zilaze ubavu juu ya mchanganyiko uliochekechwa, umbali wa sm 3, kisha zifunike kwa tabaka jembamba la mchanga lisilozidi mm 5. Weka trei kwenye mwanga usio na jua kali la adhuhuri na nyunyiza asubuhi tu. Mbegu mpya huota ndani ya siku tatu hadi saba joto likiwa nyuzi 27 hadi 30. Ambazo hazijaota baada ya wiki mbili zitoe, zitaoza na kuambukiza jirani zake.

Mche ukifikisha majani sita hivi, uhamishie kwenye chungu chake. Mzoeshe jua kidogo kidogo kwa siku kumi. Kuhusu mwaka wa kwanza, wengi huteleza hapa: mche mdogo bado hauna akiba. Kipupwe chake cha kwanza usiukaushe kama mmea mzima. Upe maji kidogo kila wiki. Ukitunzwa hivyo, unaweza kuchanua ukiwa na umri wa mwaka mmoja hadi miwili.

Kwa kipandikizi, kata tawi la sm 15 hadi 20, liache kivulini siku tano mpaka kidonda kikauke na kufunga, ndipo ulichomeke kwenye mchanga mkubwa wenye unyevu mdogo. Mizizi hutoka ndani ya wiki nne hadi sita.

Maji kwa kufuata majira

Chomeka kijiti cha mshikaki sm 5 ndani ya chungu, subiri dakika moja, kichomoe. Kikitoka na udongo umeshika, usimwagilie. Kikitoka kikavu, mwagilia mpaka maji yatiririke chini.

Septemba hadi Novemba, jua likiwa kali, chungu cha sm 30 kitahitaji maji kila baada ya siku tatu au nne. Mvua zikianza, acha kumwagilia, na zikinyesha mfululizo sogeza vyungu chini ya ukingo wa bati au barazani mpaka anga lifunguke. Mei anza kupunguza. Juni hadi Agosti, usiku hushuka hadi nyuzi 13 au 14 na upepo hukausha majani. Mmea utayageuza ya njano na kuyaangusha. Hiyo ni mapumziko, wala si ugonjwa. Kikombe kimoja cha maji kila baada ya siku 14 kinautosha mmea mzima, na mwagilia saa nne asubuhi ili udongo usilale umelowa kwenye baridi. Tamaa ya kuongeza maji ili majani yarudi ndiyo inayoua waridi nyingi mjini hapa.

Jambo jingine ni chumvi. Maji ya visima vya Dodoma mengi yana chumvi, na kwenye chungu chumvi haina pa kwenda. Dalili yake ni ukoko mweupe ukingoni na ncha za majani kuungua rangi ya kahawia. Kila mwezi wa msimu wa kukua, mimina maji mengi, mara tatu ya ujazo wa chungu, yapite na kutoka yote. Kwa kazi hii maji ya mvua ni bora. Ukiwa na simtanki au hata mapipa mawili chini ya mchirizi wa bati, yatunze kwa ajili ya vyungu. Majivu ya jikoni usiyaweke kabisa, yanaongeza magadi juu ya chumvi iliyopo.

Jua na mbolea

Jua la moja kwa moja saa sita au zaidi kwa siku. Kivulini matawi hurefuka, hulegea, na maua hayaji. Mbolea ya NPK 17:17:17, nusu kijiko cha chai kwa chungu cha sm 30, ikitawanywa mbali na shina kwenye udongo uliokwisha kuloweshwa, kila baada ya wiki sita kuanzia Oktoba hadi Machi. Yurea iache: itakupa majani makubwa na hutaona ua.

Utomvu wake ni sumu

Kabla hujashika kisu, elewa kwamba utomvu wa mmea huu una sumu inayoshambulia moyo. Wahadzabe wa bonde la Eyasi huupika kutengeneza sumu ya mishale ya kuwindia. Vaa glovu, usijiguse macho, nawa kwa sabuni, osha kisu. Vipande ulivyokata usivitupe wanakopita mbuzi, na vyungu visikae mahali ambapo mtoto mdogo anaweza kung'ata jani.

Kupogoa na kubadilisha chungu

Pogoa mwanzoni mwa Septemba, baridi ikiisha. Maua hutokea kwenye ncha za matawi, kwa hiyo kila tawi ukilikata na likatoa machipukizi matatu, umejipatia sehemu tatu za kuchanua. Acha sm 8 hadi 10 kutoka kwenye panda, kata kwa mshazari juu tu ya alama ya jani, na paka kidonda unga wa mkaa. Kisu kifutwe kwa spiriti kati ya mmea na mmea.

Kila baada ya miaka miwili, majira hayo hayo, hamisha mmea kwenye mchanganyiko mpya. Kung'uta udongo wa zamani, kata mizizi iliyokufa, uache kivulini siku nne vidonda vikauke. Unapopanda tena, inua kitako sm 2 au 3 juu ya usawa wa awali. Sehemu ya mizizi iliyofichuliwa itanenepa na kuwa sehemu ya umbo, lakini ngozi yake haijazoea jua: ifunike kwa kitambaa chepesi kwa wiki mbili, vinginevyo huungua na kupasuka. Subiri siku tano hadi saba ndipo umwagilie.

Kitako kikilegea

Bonyeza kwa kidole gumba, zunguka kitako chote. Kikiwa kimesinyaa sawasawa kila upande na ngozi ina mikunjo, mmea una kiu. Siku mbili tatu baada ya maji utajaa tena. Kikiwa kigumu kote isipokuwa sehemu moja inayobonyea, yenye rangi ya kahawia iliyokolea na pengine harufu mbaya, huo ni uozo, na maji yataumaliza.

Ng'oa mmea siku hiyo hiyo. Kata sehemu iliyooza mpaka ufikie nyama nyeupe safi isiyo na doa. Doa dogo ukiliacha, litarudi. Futa kisu kwa spiriti kila baada ya kukata. Jaza kidonda unga wa mkaa, ning'iniza mmea kivulini kwenye hewa wiki moja hadi mbili, kisha upande kwenye mchanganyiko mkavu na ukae wiki nzima bila kuupa maji. Mmea uliopoteza hata theluthi ya kitako unaweza kupona, ilimradi mizizi kadhaa ibaki hai.

Wadudu

Kiangazi tazama upande wa chini wa majani: vidoadoa vya njano na utando mwembamba ni utitiri mwekundu. Vidung'ata huonekana kama pamba nyeupe kwenye maungio. Vidukari vya njano hujaa kwenye vikonyo vya maua. Kwa wote watatu, twanga gramu 50 za kokwa kavu za mwarobaini, loweka usiku kucha katika lita moja ya maji, chuja, ongeza kijiko cha chai cha sabuni ya maji, nyunyiza jioni chini ya majani. Rudia kila baada ya siku tano, mara tatu. Mti wenyewe umejaa mitaani, kokwa hazikugharimu kitu. Viwavi wakubwa wa kijani waondoe kwa mkono, wanaweza kumaliza majani yote kwa usiku mmoja.

Kupanda ardhini

Tengeneza tuta la sm 30 kwenda juu na upana wa sm 80, kwa mchanganyiko ule ule, ukizungushia mawe. Juu tandaza changarawe. Nyasi kavu zinaita mchwa, nao wakishaingia hutafuna ngozi ya kitako. Usipande chini ya mchirizi wa bati.

Kupata mbegu zako

Mmea mmoja peke yake mara nyingi haushiki mimba, unahitaji wa pili. Chana ua upande mmoja mpaka chini. Utaona stameni, yaani sehemu za kiume za ua, zimeshikana kama koni, zikiwa na mikia mirefu yenye manyoya. Chavua imefichwa ndani ya koni hiyo, si nje. Ingiza brashi nyembamba ndani kwa juu, ichukue, kisha kwenye ua la mmea wa pili ipitishe kwenye ufa ulio kati ya stameni mbili, chini ya koni. Ikishika, hutokea maganda mawili yaliyopindana, yanayokomaa kwa miezi miwili au mitatu. Yakianza kubadilika kuwa kahawia, yafunge uzi sehemu tatu, kwa sababu kila mbegu ina manyoya pande zote mbili na ganda likipasuka upepo wa Dodoma hauachi kitu. Zikaushe kivulini, kata manyoya, zihifadhi kwenye bahasha ya karatasi na uzisie msimu wa joto ulio karibu, kabla nguvu ya kuota haijapungua.