Kukata marumaru na graniti bila kulivuta vumbi

Vumbi linaloruka kwenye diski ya grenda sasa hivi ni kali kuliko lililolala sakafuni tangu juzi. Marumaru (vigae vya sakafuni na ukutani), graniti na zege vina silika, madini yaliyomo kwenye mchanga, na punje ya silika ikivunjika, uso wake mpya huwa na radikali huru, yaani chembe zisizotulia zinazoshambulia kinachozigusa. Zikigusa unyevu wa pafu huzaa molekuli kali za oksijeni. Seli walinzi huimeza punje, hushindwa kuiyeyusha, hufa na kuitema, kisha nyingine huimeza ileile. Ukali huo ukizidi kinga ya mwili ndio msongo wa oksidisho. Makovu yake pafuni ndiyo silikosisi, na hakuna dawa ya kuyafuta.

Kwa hiyo lizuie vumbi pale pale kwenye diski. Mkato ulionyooka wa marumaru hauhitaji grenda: tumia mashine ya mkono inayochora na kuvunja. Kwa graniti tafuta msumeno uliotengenezwa kukatia maji. Grenda ya kawaida usiimwagie maji, umeme utakuua. Hata huo msumeno, uupitishie kikata umeme cha miliampea 30 (RCD), kinachozima umeme mara unapovuja.

Maji yafike angalau nusu lita kwa dakika. Dumu la lita 20 lililoinuliwa hutosha kama dakika 40. Ukiona moshi mweupe, simama. Mara nyingi tundu la maji limezibwa na tope, au mpira umegeuka na maji hayagusi diski inapokata. Tope nalo lichote likiwa bichi, maana likikauka ni vumbi tena. Usifagie pakavu.

Barakoa iwe N95 au FFP2. Ya kitambaa haichuji punje hizi. Ndevu huizuia kushika vizuri usoni, na kwa joto la Dar jasho huilowesha hadi fundi anaishusha kidevuni. Beba ya akiba, pumzika mbali na vumbi, na ukikata nje upepo uje kutoka mgongoni kwako.

Wapo mafundi wanaoamini kwamba maziwa ya jioni husafisha kifua. Hayasafishi. Yanakwenda tumboni, wala hayapiti pafuni.

Silika hudhoofisha zile seli zinazopambana na kifua kikuu. Kikohozi kikifika wiki mbili, kapime makohozi, na umwambie daktari umekata mawe miaka mingapi, kwa sababu kwenye picha ya eksirei kifua kikuu na silikosisi huweza kufanana. Kama umeajiriwa, tunza mkataba wako: Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) hulipia magonjwa yatokanayo na kazi.