Ukiwa Amsterdam, funga baiskeli hapa

Tangu nitoke Tanga naendesha baiskeli Amsterdam, na kila mgeni wangu namwonya: ukifika Centraal Station, usiifunge kwenye nguzo ya taa wala ukingo wa daraja. Ikiwa nje ya maegesho rasmi, manispaa hukata mnyororo wa kufuli na kuibeba baiskeli. Nenda kwenye maegesho yaliyojengwa chini ya maji, mbele ya stesheni, yaliyofunguliwa 2023: nafasi 7,000, saa 24 za kwanza bure. Rafu ya juu ivute mpaka mwisho, ndipo upandishe gurudumu la mbele. Pitisha mnyororo kwenye fremu, siyo gurudumu tu. Na tafadhali, andika namba ya fremu leo. Ikibebwa, ndiyo itakayokusaidia kuidai.