Kukadiria saa ya kifo kwa mbinu ya Henssge katika joto la Mombasa

Mwaka 1988, Claus Henssge, profesa wa Kijerumani wa tiba ya sheria aliyefanya kazi Essen, alichapisha nomogramu inayotumika hadi leo pale daktari anapoulizwa na polisi: huyu amekufa saa ngapi? Nomogramu ni mchoro wenye mistari ya vipimo. Ukiunganisha joto la ndani ya mwili na joto la hewa, kisha ukavuka kwenye mstari wa uzito, unasoma saa zilizopita. Chini yake kuna hesabu ya kupoa kwa mwili iliyotolewa mwaka 1962 na Marshall na Hoare wa Uingereza. Alichoongeza Henssge ni kuifanya itumike mahali penyewe alipokutwa marehemu, penye nguo, upepo na maji, tena akasema wazi inaweza kukosea kwa kiasi gani.

Mwongozo huu ni wa madaktari, maklinikal ofisa na maafisa wa polisi wanaofika eneo la tukio Pwani. Mbinu ni ile ile, ila imezaliwa nchi ya baridi, na hapa kwetu ina mitego yake.

Mtego wa kwanza ni mchoro wenyewe. Iko miwili: mmoja wa hewa isiyozidi nyuzi 23, mwingine wa hewa iliyozidi hapo. Mombasa karibu kila mara utahitaji huo wa pili. Anayetaka kukokotoa, fomyula yake ni hii, t ikiwa saa zilizopita tangu kifo, m uzito kwa kilo, 37.2 joto la mwili linalochukuliwa kuwa la wakati wa kufa, na e namba 2.718:

(joto la mwili − joto la hewa) ÷ (37.2 − joto la hewa) = 1.11·e^(Bt) − 0.11·e^(10Bt)
B = −1.2815 × m^(−0.625) + 0.0284

Chukua mfano. Mtu wa kilo 70 amekutwa saa 1:00 asubuhi chumbani, hana nguo, hewa imetulia. Ndani ya mwili ni nyuzi 33, hewa nyuzi 29. Jibu ni saa 13.3, yaani karibu saa 11:40 jioni ya jana. Ukitumia mchoro wa nchi baridi kwa vipimo hivyo hivyo, unapata saa 15.2. Tayari umepotea karibu saa mbili.

Vipimo vyenyewe vichukuliwe hivi. Kipimajoto cha hospitali cha kupimia homa hakifai, kwa kuwa hakisomi chini ya nyuzi 35 au hapo karibu. Tumia cha elektroniki chenye kijiti kirefu cha kupimia, kinachosoma hadi sehemu ya kumi ya nyuzi. Kabla ya kukiingiza popote, jiulize kama kuna dalili yoyote ya ubakaji au ulawiti; ikiwepo, chukua sampuli za pamba kwanza, maana kipimajoto kikishapita ushahidi umeharibika. Kisha kiingize kwenye njia ya haja kubwa, angalau sentimita 8 kupita msuli wa mlangoni. Kikiishia sentimita 3 kinasoma joto la sehemu iliyokwisha kupoa, na utadai mtu alikufa mapema kuliko ilivyokuwa. Ngoja namba itulie, andika saa. Funga mlango, weka pazia, na kama marehemu ni mwanamke, mhudumu wa kike awepo; familia ikiona heshima hiyo huenda isikuzuie.

Halafu joto la hewa. Hapa ndipo makadirio mengi ya Pwani yanapoharibika, na ndipo pa kutumia dakika zako. Katika mfano wetu, kama hewa ilikuwa 30 na si 29, jibu linaruka kutoka saa 13.3 hadi 15.9, ikiwa 28, linashuka hadi 11.6. Nyuzi moja tu, zaidi ya saa moja na nusu upande mmoja na zaidi ya mbili upande wa pili. Katika chumba cha nyuzi 18 huko Ujerumani, mwili ukiwa nyuzi 27, kosa la nyuzi moja hugharimu saa moja tu. Sababu ni kwamba huku mwili na hewa havijaachana sana: kutoka 37.2 hadi 29 ni nyuzi 8.2 tu za kuchezea.

Kwa hiyo usichukue joto la simu wala la uwanja wa ndege. Pima karibu na mwili, kwa kimo ulipolala, kwa kipimajoto kile kile, kabla watu hawajajaa chumbani na kufungua madirisha. Uliza nani aliingia kwanza, alifungua nini, alizima nini. Nyumba ya Mji wa Kale yenye kuta nene za mawe ya matumbawe haibadiliki sana usiku na mchana. Kipimo kimoja kinatosha. Chumba cha mabati huwaka mchana na kupoa alfajiri, kwa hiyo rudi upime tena baada ya saa kadhaa, utumie wastani.

Feni ni balaa peke yake. Mwili usio na nguo penye hewa inayotembea huzidishiwa uzito kwa 0.75: kilo 70 zinahesabiwa 52.5, na saa 13.3 zinakuwa 10.4. Anayeingia kwanza mara nyingi huzima feni bila kufikiri, kisha hasemi. Nguo nyepesi ya tabaka moja au mbili ina kizidisho 1.1, ambacho kwenye mfano wetu kinatoa saa 14.6. Lakini leso iliyotandazwa na jirani kwa kumsitiri marehemu saa moja kabla hujafika si nguo aliyofia nayo. Andika ilifunika tangu lini. Mwili ulio kwenye maji yaliyotulia ni 0.5, yanayotembea 0.35.

Jibu lolote liandikwe pamoja na upana wake. Bila nguo na hewa imetulia, ni saa 2.8 kila upande: mfano wetu basi ni kati ya saa 8:50 mchana na saa 2:30 usiku. Ukitumia vizidisho, upana unakua hadi 3.2, hata 4.5 kadiri mwili unavyokaribia joto la hewa. Kwenye hewa ya nyuzi 29, mwili ukishashuka chini ya 30.6, acha mbinu hii. Iache pia kama mwili umehamishwa, umelala juani au kando ya jiko, au kama marehemu alikuwa na homa. Malaria inastahili kuulizwa kila mara: aliyekufa akiwa na nyuzi 39 kwenye mfano huu amekufa saa 16.6 zilizopita, si 13.3.

Kagua pia ukakamavu wa maiti, yaani kukauka kwa misuli, kuanzia taya, na madoa ya damu iliyotulia upande wa chini kama bado yanafifia ukibonyeza. Joto letu huharakisha ukakamavu na kuuondoa mapema, na kijani cha tumbo upande wa kulia chini, dalili ya kuoza, kinaweza kuonekana ndani ya siku moja. Hivyo ni vya kulinganishia tu. Vikipingana sana na hesabu, rudi uangalie joto la hewa kwanza.

Mwisho, saa zenyewe. Shahidi akisema alimwona marehemu "saa nne", muulize ya asubuhi au ya usiku, kisha andika kwa Kiswahili na kwa mfumo wa saa 24, mathalani saa 4 usiku (22:00). Afisa akiigeuza vibaya kwenye fomu, 22:00 huwa 04:00, na saa sita hizo ni nyingi kuliko makosa yote ya kipimajoto yaliyotajwa hapa.