Somo: Safari ya dakika ya treni hadi kuwa asilimia ya mwezi

Wakuu, kampuni ya reli ikitangaza kwamba asilimia fulani ya treni zake zilifika kwa wakati, kwanza uliza: kwa wakati wa nani? Ujerumani, treni iliyochelewa chini ya dakika 6 inahesabiwa imewahi. Uswisi, mwisho ni chini ya dakika 3. Kwa hiyo treni iliyochelewa dakika 4 imefaulu kwa Wajerumani na imefeli kwa Waswisi, na abiria ndani yake wamekaa muda ule ule. Programu inayopiga hesabu hii haina upande. Inahesabu kama ilivyoelekezwa, na maelekezo hayo ndiyo nataka tuyaone moja moja.

Nitatumia reli za Uingereza, kwa sababu Network Rail, taasisi inayomiliki njia, ilifungua data zake kwa umma mwaka 2012. Ukijisajili, unapokea mienendo ya treni wakati huo huo inapotokea. Unaweza kujifunzia hapo hata ukiwa Tabora.

Hatua ya 1: Shika ratiba iliyo sahihi kwa siku hiyo

Hapa ndipo wengi wanaharibu, kwa hiyo tukae kidogo. Treni moja inaweza kuwa na ratiba zaidi ya moja kwa tarehe moja. Kuna ya kudumu (herufi P), kuna ya muda inayoifunika ya kudumu (O), kuna mpya ya muda (N), na kuna taarifa ya kuifuta (C). Kanuni: herufi inayotangulia kwenye alfabeti ndiyo inayoshinda. C inaipiku O, O inaipiku P.

Nilipoanza kujifunza niliiruka kanuni hii, na treni nyingi za Jumapili zikaonekana zimechelewa vibaya. Jumapili mafundi huwa wanatengeneza reli na treni hupewa ratiba za muda. Hazikuchelewa. Mimi nilizipima kwa ratiba isiyo yake, na programu haikutoa onyo lolote, kwa sababu kwake hesabu ya kutoa ilikuwa sahihi kabisa.

Hatua ya 2: Pokea mienendo

Mfumo unaoandika mienendo unaitwa TRUST. Umejengwa juu ya TOPS, mfumo ambao British Rail, shirika la reli la Uingereza la wakati huo, iliununua kutoka kampuni ya reli ya Southern Pacific ya Marekani miaka ya 1970. Kila tukio ni ujumbe wenye namba: 0001 treni imeamshwa kwenye mfumo, 0002 imefutwa, 0003 imefika, imeondoka au imepita mahali.

Mahali penyewe pana majina matatu. Ujumbe wa TRUST unatumia namba ya tarakimu 5, ratiba inatumia kifupi cha herufi, na abiria anaona herufi tatu, kama KGX kwa King's Cross. Tengeneza mapema jedwali la kuyaoanisha, la sivyo utaoanisha kwa mkono hadi uchoke.

Mambo mawili ya saa. La kwanza, Waingereza husogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kuirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Hifadhi kila kitu kwa UTC, saa ya kimataifa isiyosogezwa, kisha badilisha wakati wa kuonyesha tu. La pili, mara nyingi hakuna mtu wala kifaa kilichoona treni ikisimama jukwaani. Mtambo umeona treni ikivuka taa ya ishara, kisha mfumo ukaongeza au kupunguza sekunde zilizokadiriwa kufika jukwaani. Kwa hiyo usibishane na mtu juu ya sekunde 10.

Hatua ya 3: Toa

Muda halisi toa muda wa ratiba. Aliyewahi anabaki na namba hasi, usimgeuze sifuri. Ukigeuza umeshapoteza habari ambayo hutaipata tena.

Hatua ya 4: Chagua kipimo

Kwa miaka mingi Uingereza ilitumia kipimo kiitwacho PPM: treni imesimama vituo vyote ilivyopangiwa, na imefika kituo cha mwisho ikiwa imechelewa chini ya dakika 5, au chini ya 10 kwa safari ndefu. Aprili 2019 kipimo kikuu kilibadilika: kila kituo kinachorekodiwa kinahesabiwa peke yake, na treni imewahi ikiwa imechelewa chini ya dakika 1.

Tuchukue treni ya kubuni ya vituo vitano. Imechelewa dakika 4, 6, 7, 5, na kituo cha mwisho dakika 3. Kwa PPM, imefaulu. Kwa kipimo kipya, imepata sifuri kati ya tano. Dakika zimepungua mwishoni kwa sababu wapangaji wa ratiba huacha nafasi ya akiba kabla ya kituo cha mwisho. Aliyeshuka kituo cha tatu hakuonja akiba hiyo. Mimi naona kipimo kipya ni cha haki zaidi, maana abiria wengi hawaendi mwisho wa njia.

Hatua ya 5: Andika sababu

Treni ikipoteza dakika 3 au zaidi kati ya vituo viwili vya kupimia, lazima mtu aeleze kwa nini. Sababu inawekwa kwa herufi mbili: IB ni hitilafu ya swichi za kubadilisha njia, XA ni watu waliovamia reli. Zinazoanza na Y ni treni zilizochelewa kwa sababu nyingine ilikuwa imechelewa mbele yao. Hizo za Y ndizo zinazokula dakika nyingi zaidi, kwa hiyo programu lazima iunganishe kila treni ya Y na tukio lililoianzisha. Nyuma yake kuna pesa: mwenye kosa anamlipa mwenzake kwa mujibu wa mikataba ya kutumia njia.

Hatua ya 6: Tramu

Tramu ni treni nyepesi za mjini zinazopita barabarani. Melbourne, Australia, tramu imewahi ikiwa haikutangulia ratiba kwa zaidi ya sekunde 59 na haikuchelewa kufikia dakika 5. Kutangulia ni kosa pia, kwa sababu aliyefika kituoni kwa wakati anaachwa.

Lakini pale tramu zinapopita kila baada ya dakika chache, abiria hatazami ratiba, anatoka tu. Hapo pima nafasi kati ya tramu na tramu. Zikipishana dakika 10, 10 na 10, abiria anasubiri wastani wa dakika 5. Zikipishana 2, 18 na 10, idadi ya tramu ni ile ile, lakini kusubiri kunapanda hadi dakika 7.1. Hesabu yake: zidisha kila nafasi kwa yenyewe, jumlisha, kisha gawa kwa jumla ya nafasi mara mbili. Yaani 4 + 324 + 100, gawa kwa 60. Watu wengi zaidi wanaangukia kwenye lile pengo la dakika 18, ndiyo maana linauma.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, somo limeeleweka. Treni iliyofutwa kabisa inahesabiwaje?

Imefeli, ikiwa ilikuwamo kwenye mpango wa siku. Mpango huo hufungwa saa 4 usiku wa siku iliyotangulia. Iliyofutwa kabla ya hapo haikuingia kwenye takwimu kuu, na abiria walilalamika, kwa haki kabisa. Baadaye ORR, msimamizi wa reli, akaanza kuchapisha takwimu zinazozihesabu pia.

Swali: Nina laptop ndogo na Excel. Inatosha?

Kwa kituo kimoja, ndiyo. Kwa nchi nzima hapana, jedwali la Excel linakomea mistari 1,048,576. Hamia PostgreSQL, programu ya kuhifadhi data nyingi, ni bure. Na tafadhali, hifadhi ujumbe ghafi kama ulivyokuja, kwenye jedwali lake ambalo halihaririwi. Kipimo kikibadilika kama mwaka 2019, utahesabu upya kuanzia mwanzo.

Swali: Mimi napanda SGR Dar–Morogoro mara kwa mara. Naweza kupima mwenyewe?

Unaweza, dada. Tangu safari zianze tarehe 14 Juni 2024, tiketi ina saa ya kuondoka, na simu yako ina saa sahihi. Andika tarehe, namba ya treni, saa ya ratiba na saa milango ilipofunguka. Chagua sehemu moja ya kupimia, mlango kufunguka au gurudumu kusimama, na usibadilishe katikati. Kumbuka pia kwamba unapima treni unazopanda wewe tu. Kama husafiri usiku, huna la kusema kuhusu za usiku. Ukifikisha safari 30, lete jedwali hapa tulipitie pamoja.